Karamu ya Idi ipangwe sasa, mpishi naye apate Idi



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, tunamshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.) aliyetufikisha katika siku za mwisho za Shaaban, na tunamwomba atufikishe Ramadhani hali ya kuwa wazima wa miili na wa nyoyo. Majumbani mazungumzo ni ya futari: magimbi, mihogo, nazi na tende. Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona safu hii inazungumzia chakula cha Idi ilhali mwezi wa kufunga wenyewe haujaandama. Tumefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu maneno haya yakiandikwa wiki ya mwisho ya Ramadhani yatakuwa yamechelewa.

Karamu kubwa ya Idi ikipangwa usiku wa mwandamo, gharama yake hulipwa na mtu mmoja. Mtu huyo kwa kawaida ni mama wa nyumba, pamoja na binti yake aliyefikia umri wa kushika mwiko. Hulipa kwa nyusiku zake za kumi la mwisho, hulipa kwa Swala yake ya Idi, na mara nyingine hulipa kwa deni la dukani linalomfuata hadi Mfunguo Tatu.

Hatusemi haya kwa kuwanyooshea wengine kidole. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe tulialika watu 30 kwa chakula cha adhuhuri, siku ya Idi mosi. Usiku wa mwandamo tulikuwa sokoni hadi karibu saa sita. Nyama tuliipata kwa foleni na kwa bei ya mwenye shida. Mchele haukuwa umechambuliwa, wala viungo havikuwa vimetwangwa. Kulipopambazuka moto ulikuwa unawaka uani na macho yetu mekundu kwa moshi na kwa usingizi. Wanaume wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, walioga, wakajitia manukato, wakavaa kanzu zao na kutoka wakileta takbira. Binti yetu, wakati huo akiwa na miaka 13, alikuwa amekaa juu ya kigoda na ungo wa mchele mapajani. Gauni lake jipya, alilokwenda kulifuatilia kwa fundi mara tatu, lilikuwa limetundikwa ukutani. Tulimwambia avumilie, atalivaa tukimaliza.

Tulimaliza baada ya alasiri. Wageni walikuwa wameshakula, na watoto wenzake waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta mkono wa Idi walikuwa wameshatawanyika. Usiku, tulipokuwa tukikwangua masufuria, alituuliza kwa adabu na bila kununa: "Mama, mwakani nitakwenda kusali Idi, au nimeshakuwa mkubwa?"

Hatukuwa na jibu. Tulitambua kwamba kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukimfundisha, bila kutamka neno, kuwa mtoto wa kike akishakuwa mkubwa Idi humwisha. Tangu siku hiyo tumeiangalia karamu ya Idi kwa jicho jingine, na haya tunayoyaandika leo ni matunda ya kujaribu, kukosea na kujaribu tena.

Uwanja wa Idi ni wetu pia

Kabla ya kuingia katika hesabu za mchele na nyama, tukumbushane msingi wa jambo lenyewe. Katika Hadithi ya Umm Atiyya (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, imeelezwa kwamba Mtume (S.A.W.) aliamrisha wanawake watolewe kwenda kushuhudia Idi mbili: mabinti waliowekwa ndani, na hata wale walio katika ada zao, ambao hukaa kando ya mahali pa kusalia lakini hushiriki katika kheri na dua za Waislamu. Alipoulizwa kuhusu mwanamke asiye na vazi la kujisitiri, hakusema abaki nyumbani, bali aliagiza mwenzake amwazime.

Tutafakari hapo. Ikiwa kukosa vazi hakukufanywa kuwa sababu ya kumwacha mwanamke nyuma, itakuwaje sufuria la pilau liwe sababu? Tunajua kwamba mwanamke anaweza kuisali Idi nyumbani kwake. Tunajua pia wako wenye udhuru wa kweli, wenye watoto wachanga au wagonjwa wa kuuguza. Hao Mwenyezi Mungu anazijua hali zao. Tunaowazungumzia ni wale ambao udhuru wao tumeutengeneza kwa mikono yetu, kwa kupanga vibaya.

Tena hasara haianzi asubuhi ya Idi. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba kumi la mwisho lilipoingia, Mtume (S.A.W.) alikuwa akijifunga kibwebwe, akiuhuisha usiku kwa ibada na kuwaamsha watu wa nyumbani kwake. Aliwaamsha watu wa nyumbani kwake kwa Swala. Nasi katika nyusiku zizo hizo, ambamo Lailatul-Qadri hutafutwa, tunawakuta mama zetu na dada zetu wamebanana madukani hadi saa tano za usiku, wakitafuta mapazia, vikombe na unga wa ngano. Hakuna kati ya vitu hivyo ambacho hakikuwapo dukani wiki mbili kabla.

Chagueni kwanza siku na saa

Uamuzi wa kwanza wa karamu si wa chakula, ni wa wakati. Wengi wetu tumerithi desturi ya kukusanya ukoo mzima adhuhuri ya Idi mosi. Fikirini maana yake. Ili watu 30 wale saa saba mchana, ni lazima moto uwashwe alfajiri, na Swala ya Idi iko katikati. Mpishi hana pa kupita.

Hapa nchini Idi el-Fitri ina mapumziko ya siku 2. Kwa nini basi mzigo wote tuutwike asubuhi moja? Ushauri wetu ni kwamba karamu kubwa iwe usiku wa Idi mosi baada ya Magharibi, na bora zaidi ni Idi pili. Asubuhi ya Idi mosi nyumba ile chakula chepesi. Tende kwa idadi ya witiri kabla ya kwenda kusali Idi el-Fitri ni sunna iliyothibiti, na baada ya kurudi chai ya maziwa, tambi za sukari na vileja vinatosha kabisa kumkaribisha jirani anayekuja kutoa mkono wa Idi.

Kuna faida nyingine. Sote tunajua kwamba katika familia zetu wako wanaofuata mwandamo wa hapa nchini na wako wanaofuata mwandamo unaotangazwa kwingineko. Imetokea mara nyingi nyumba moja ikawa inakula Idi na nyumba ya pili, ya ndugu wa tumbo moja, bado imefunga. Ukialika kwa adhuhuri ya Idi mosi, utakuwa umemwalika mjomba aje aangalie sinia. Ukialika kwa usiku wa Idi pili, yamkini wote watakuwa wameshafungua, na meza moja itawakusanya watu ambao mwezi uliwatenganisha. Katika zama hizi za mabishano, kulinda udugu kwa sahani ya pilau si jambo dogo.

Kwa kuwa mwezi ni wa siku 29 au 30, wanaoalikwa waambiwe "Idi pili usiku", wasitajiwe tarehe. Nanyi mwenye nyumba jipangeni kana kwamba Ramadhani itakuwa ya siku 29. Ikifika 30, mtakuwa mmepata siku moja ya kupumzika.

Safu tatu katika daftari

Chukueni daftari la watoto, mchore safu tatu: watu, vyakula, fedha. Safu ya watu ijazwe kwanza na ijazwe kwa majina, kwa sababu neno "ukoo" halina hesabu. Andikeni pia watoto, maana wanakula, na andikeni wale ambao hawatakuja lakini watapelekewa: bibi asiyeweza kutembea, mlinzi wa mtaa aliye zamu, jirani Mkristo ambaye Krismasi haijapita bila kutuletea sahani.

Katika safu hiyo wawemo pia wasio na uwezo wa kutualika nasi. Mtume (S.A.W.) alikisema vibaya chakula cha harusi ambacho matajiri hualikwa na maskini wakaachwa, na hatuoni vipi karamu ya Idi itakwepa kipimo hicho. Mjane wa nyumba ya tatu na mwanafunzi wa chuo aliyeshindwa nauli ya kurudi kwao waalikwe mapema kama walivyoalikwa wengine, kwa heshima ile ile. Asiitwe mtu wakati masinia yamekwisha kuliwa nusu.

Safu ya pili ni vyakula. Hapa ndipo pupa huingia. Pilau, biriani, wali wa nazi, kuku wa kukaanga, samaki wa kupaka, sambusa, katlesi, mikate ya aina tatu na juisi za rangi nne: hii si karamu, ni maonyesho. Kwa uzoefu wetu chakula kikuu kimoja, mchuzi mmoja, kachumbari, ndizi mbivu au tikiti na kinywaji kimoja humridhisha mgeni yeyote aliyekuja kwa mapenzi. Suratul-A'raf, aya ya 31, imetuhalalishia kula na kunywa na ikatukataza israfu, na israfu haimo katika kununua tu. Imo pia katika kumtumikisha binadamu kwa saa 14 kwa ajili ya chakula cha nne ambacho hakuna aliyekigusa.

Safu ya tatu ni fedha. Andikeni bei ya kila kitu, mjumlishe, kisha mtazame mlicho nacho. Jumla ikizidi, punguzeni vyakula, msipunguze watu. Na ikibidi, mgeni ale wali na maharage ya nazi yaliyoungwa vizuri kuliko ale nyama ya mkopo. Baba wa watoto wetu ana kawaida ya kuweka kibubu tangu mwanzo wa Shaaban. Kila siku hutumbukiza chochote alichobakiwa nacho, na kibubu huvunjwa mbele ya watoto katikati ya Ramadhani. Watoto wakiona fedha zote za karamu zimewekwa juu ya mkeka na zikihesabiwa, huacha wenyewe kudai soda ya pili.

Gunia moja, kazi mbili

Tuelekee sasa kwenye mchele, na hapa tunawaomba msome kwa makini. Kwa kipimo cha nyumbani, kilo 1 ya mchele wa pilau hutosha watu 6 hivi, ikiwa wamo watoto na ikiwa kuna kachumbari na matunda pembeni. Kwa watu 30 basi ni kilo 5, na nyama kilo 4 au 5 kwa kadiri ya uwezo. Kumbukeni kwamba mchele ukiiva huvimba karibu mara tatu, kwa hiyo kama hamna sufuria kubwa la kutosha, pikeni katika masufuria mawili. Pilau iliyosongamana huiva juu ikabaki mbichi katikati.

Lakini kuna mchele mwingine unaotangulia huo, nao ni wa Zakatul-Fitri. Kila mtu wa nyumba, mdogo kwa mkubwa, hutolewa pishi moja, ambayo masheikh wetu wengi huikadiria kuwa kilo 2 na nusu hivi. Nyumba ya watu 8 itatoa kilo 20. Tazameni hesabu hiyo: karamu ya watu 30 inahitaji kilo 5, na haki ya maskini kutoka nyumba hiyo hiyo ni kilo 20. Wengi wetu huhangaikia zile 5 kwa mwezi mzima, na zile 20 tukazikumbuka asubuhi ya Idi, tukiulizana mlangoni nani anajua pa kuzipeleka.

Gunia la kilo 25 linatimiza yote mawili. Nyumbani kwetu hulinunua mapema, likafunguliwa siku hiyo hiyo, na watoto wakapima kwanza kilo 20 na kuzifunga katika mifuko. Kinachobaki ndicho chetu na cha wageni wetu. Zaka hiyo inatakiwa imfikie mwenyewe kabla ya Swala ya Idi, na katika madhehebu ya Shafi inajuzu kuitanguliza tangu Ramadhani ilipoingia. Maskini naye ana mchele wa kuchambua na sufuria la kuazima. Naye angependa kujua mapema kwamba siku ya Idi atapika.

Kazi zigawanywe katika makumi matatu

Ramadhani yenyewe imegawanyika katika makumi, nasi tunaweza kuufuata mgawo huo.

Kabla ya mwezi kuandama, yaani wiki hii, vitambaa vifike kwa fundi. Mafundi cherehani nao ni Waislamu wenye kumi lao la mwisho, na nguo inayopelekwa tarehe 25 ndiyo inayowakesha. Wageni nao waarifiwe wiki hii.

Kumi la kwanza ni la daftari na la kuangalia vyombo. Hesabuni masinia. Watu 5 wakila sinia moja, wageni 30 wanahitaji masinia 6, na hapo mtakuwa mmeepuka kuosha sahani 30 na mmepata baraka ya kula pamoja. Yanayopungua yaombwe kwa majirani sasa, si siku ambayo nao wana wageni. Angalieni majamvi, kawa za kufunikia, ndoo za maji, na kama jiko la gesi ndilo mnalotegemea, angalieni mtungi.

Kumi la pili ndilo la manunuzi na la kazi za mikono. Mchele, mafuta, sukari, unga, vitunguu na viungo vyote vinunuliwe humo. Mchele uchambuliwe na watu wote wa nyumba baada ya kufuturu. Kilo 5 zikigawanywa kwa mikono 8 hazimalizi nusu saa. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zichambuliwe, zikaangwe kidogo bila mafuta, zitwangwe na kutiwa katika chupa yenye mfuniko mkavu. Vileja na visheti vitengenezwe kati ya tarehe 15 na 20, vikishapoa kabisa vihifadhiwe katika kopo linalofunga barabara. Vitafika Idi vikiwa vikavu na vitamu, mradi kopo likae mbali na wajukuu. Muuza nyama naye aonwe katika siku hizo, kilo zitajwe na malipo ya awali yatolewe.

Usiku wa kuamkia tarehe 21 daftari lifungwe. Kuanzia hapo, mbali na futari na daku, jiko lisiwe na kazi nyingine. Likisahaulika jambo, na liwe limesahaulika. Hatujapata kumsikia mgeni aliyerudi kwake kwa sababu mapazia yalikuwa ya mwaka jana.

Karamu ikiwa ya Idi pili, nyama huchukuliwa asubuhi ya siku hiyo, ikapikwa siku hiyo hiyo. Anayelazimika kuinunua mapema asiiache ilale hivi hivi kwa kutegemea jokofu, maana umeme una tabia zake. Aichemshe kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, na asubuhi aichemshe tena kabla ya kuiunga.

Mikono mingine iko wapi?

Mipango yote hii haitafaa kitu ikiwa mpangaji, mnunuzi, mpishi na muosha vyombo ni mtu yule yule. Kina baba, hapa tunasema nanyi kwa mapenzi. Bi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na Swala ilipofika hutoka kwenda kusali. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya mbora wa viumbe, hatuoni kanzu ya nani itakayopungukiwa heshima kwa kubeba ndoo ya maji.

Kuna kazi ambazo zinawangoja: kwenda kwa muuza nyama, kubeba gunia, kupasua kuni au kuchochea mkaa, kutandika majamvi, kugeuza lile sufuria kubwa ambalo mgongo wa mwanamke umelibeba miaka mingi, na kuosha masinia wageni wakiondoka. Vijana wa kiume wapewe masufuria makubwa tangu sasa. Mvulana anayekwangua ukoko leo atajua kesho nini maana ya kumwambia mkewe "watu 10 tu wa ghafla".

Kina mama nasi tuna la kwetu. Wengi hatuombwi kuachia kazi, ila tunaing'ang'ania. Tunaona haya kumwambia wifi aje na sambusa, au shemeji aje na matunda, tukidhani tutaonekana tumeshindwa na nyumba zetu. Tulipopendekeza jambo hilo mara ya kwanza, mama mkwe wetu, Mwenyezi Mungu amzidishie afya, alitutazama kwa mshangao akasema: "Mwanangu, tangu lini mgeni wa Idi akaja na sufuria lake?"

Tulimjibu: "Mama, tangu mjukuu wako aliposali Idi kigodani." Tukamsimulia habari ya gauni lililotundikwa ukutani. Alikaa kimya, kisha akatuambia kwamba yeye mwenyewe aliolewa akiwa msichana mdogo, na tangu alipoingia nyumba ya mumewe alikuwa hajauona uwanja wa Idi. Hakuwa amekatazwa na mtu. Kila mwaka kulikuwa na wageni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba nyingi mgeni amekuja miaka 40 na mwenyeji bado hajapona.

Wageni wakishaondoka

Neno la mwisho ni la masalio. Wali na nyama haviwezi kukaa wazi katika joto letu kwa saa nyingi bila kuharibika, na matumbo mengi huumwa siku ya Idi tatu kwa pilau iliyolala mezani. Kila sinia likirudi, chakula safi ambacho hakijaguswa kigawanywe usiku ule ule kikiwa cha moto, kwa kutumia vyombo vilivyoandaliwa tangu mchana. Anayeondoka aondoke nacho, jirani apelekewe, na cha kubaki kihifadhiwe mahali pa baridi na kichemshwe barabara kabla ya kuliwa. Kutupa chakula siku ambayo tumetoka kutoa zaka ya chakula ni aibu.

Msomaji atataka kujua ilikuwaje kwetu mwaka uliofuata. Haikuwa kamilifu. Shangazi aliyeahidi sambusa alifika mikono mitupu akicheka, na pilau ilishika chini kwa sababu aliyekabidhiwa moto alikuwa akipiga gumzo. Mjomba mmoja aliuliza mara mbili biriani iko wapi. Lakini asubuhi ya Idi mosi mlango wa nyumba yetu ulifungwa kwa ufunguo na jiko likabaki baridi, kwani hapakubaki mtu ndani. Binti yetu alivaa gauni lake saa kumi na mbili na nusu, mapema mno, akaogopa kukaa lisije likakunjamana. Bibi yake alichukuliwa kwa gari ya kukodi akawekewa kiti nyuma ya safu za wanawake. Takbira zilipoanza tulimwona akizisoma kwa sauti ya chini, huku mkono wake umemshika mjukuu wake kama mtu anayeogopa kupotea katika halaiki.

Ndugu wasomaji, daftari ni la shilingi chache na Ramadhani bado haijaingia. Kaeni usiku wa leo, baba, mama na watoto, mwandike majina. Na baada ya kuandika jina la mgeni wa mwisho, andikeni chini yake jina la atakayepika, kisha muulizane yeye atasali wapi.

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani, atutakabalie funga na visimamo vyetu, na aijaalie Idi yetu iwe ya kila aliyemo nyumbani. Amin.

Wabillahi tawfiq.